Betri ya Moyo Ipo, Hofu ya Bibi Kaachiwa Nani?

 

Humu tumezoea kuandika habari za tume ya uchaguzi, katiba mpya na bei ya mafuta. Wiki hii zamu ya tahariri ni yangu, na nimeamua kuandika kuhusu kopo la Blue Band. Ni la bibi yangu mzaa mama, anaishi Hombolo, na mwezi wa tatu mwaka huu nilipolifungua nilikuta dawa za aina saba. Za presha mbili, aspirini, omeprazole ya tumbo, panado, halafu vimfuko viwili visivyo na jina la mgonjwa wala jina la dawa. Kimoja kimeandikwa kwa kalamu "1 usiku", kingine "nusu usiku". Nikamuuliza, bibi, hizi za nini?

"Hizo za kulala, mjukuu wangu. Moja ya kulala, nyingine ya kulala zaidi."

Tukacheka wote wawili, pamoja na kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa na plasta. Mwezi mmoja kabla alikuwa ameanguka usiku akienda chooni, akavunjika kifundo. Nyumbani tulishakubaliana kwamba ni uzee. Mjomba yeye alisema ni ile betri.

Bibi ana miaka 76 na ana betri ya moyo. Kwa wasiojua: moyo una umeme wake wenyewe unaouambia lini upige. Kwa baadhi ya watu, hasa wazee, ule umeme unakatika njiani, kutoka vyumba vya juu haufiki vya chini. Mapigo yanashuka mpaka thelathini na kitu kwa dakika, mtu anazimia shambani, anazimia jikoni, siku moja haamki. Dawa ya kudumu ya hilo ni kifaa kidogo, ukubwa wake kama kiberiti kilichobanwa, kinachowekwa chini ya ngozi karibu na bega, na waya wake unaingia mpaka ndani ya moyo. Mtu wa kwanza kuwekewa mwilini kifaa cha aina hiyo alikuwa Arne Larsson, kule Sweden mwaka 1958. Kile cha kwanza hakikumaliza hata siku. Larsson mwenyewe alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini na akafa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Kwetu Tanzania kazi hii inafanyika. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 2015 na inaweka betri hizi, na hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo ina huduma ya moyo. Nalisema hilo bila kinyongo. Miaka ya nyuma mzee wa Hombolo mwenye tatizo hili alikuwa anazikwa, na watu wanasema karogwa. Bibi yangu yuko hai kwa sababu ya kifaa hicho, na hospitali iliyomwekea, ambayo sitaitaja, ilifanya kazi yake ya upasuaji vizuri.

Tatizo lilianza aliporudi nyumbani.

Bibi aliacha kulala. Alikuwa anakaa kitandani amejishika kifua, anahesabu mapigo. Ngurumo ikipiga anaingia chini ya shuka kama mtoto. Alikuwa na maswali ambayo alikuwa anawauliza wajukuu kwa sababu wakubwa walikuwa wanamwambia "usiwaze". Betri ikiisha usiku, nitajua? Rimoti yake anayo nani? Na swali moja aliniuliza tukiwa wawili tu, tunachambua mlenda: "Mungu akiniita, hiki kidude kitanikatalia nisife?"

Jamani. Mtu kabeba swali hilo kifuani miaka mitatu, na majibu yapo. Rimoti haipo. Mashine inayosoma betri iko hospitali na inafanya kazi ukiwa umekaa karibu nayo. Betri haizimi ghafla kama tochi; inakaa miaka mingi, na ikikaribia kwisha inaonyesha dalili miezi kabla, ili mradi mtu anaenda kupimwa kila baada ya miezi sita au mwaka. Na hapana, haimkatalii mtu kufa. Mwili ukifika mwisho, msuli wa moyo hauitikii tena hata kifaa kikituma umeme wake. Dakika kumi za maelezo kwa Kiswahili, au kwa Kigogo kukiwa na muuguzi anayekijua, siku ile ya kuruhusiwa, zingeokoa mengi. Alipewa kadi ya kifaa iliyoandikwa Kiingereza na tarehe ya kurudi.

Hofu ile ikageuka ugonjwa. Na hapa ndo naomba tuelewane, kwa sababu na sisi tuna hatia. Dodoma ndiko iliko Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyoanzishwa tangu 1927. Lakini neno Mirembe limekuwa tusi nchi nzima, na tunaolitumia sana ni sisi wenyewe mitandaoni. Kada wa upande ule akiandika pumba, tunamjibu "rudi Mirembe". Sasa jaribu kumwambia bibi yako kwamba hofu yake inatibika, na wa kumtibu wako Mirembe, kilomita 40 hivi kutoka mlangoni kwake. Bibi alinijibu kwa upole, "Mimi si kichaa, mjukuu wangu." Ningemjibu nini? Mwezi uleule nilikuwa nimelitumia neno hilo kwenye kundi letu la WhatsApp.

Kwa hiyo akatibiwa kienyeji cha kisasa. Sehemu moja alipolalamika kukosa usingizi akaandikiwa diazepam, miligramu 5 usiku, za wiki moja. Wiki moja ile ikawa mwaka na nusu, kwa sababu duka la dawa lilikuwa linamuuzia tu akionyesha kimfuko kilichokwisha. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si pipi. Baadaye kwenye kituo kingine akalalamika miguu kufa ganzi na usingizi kukatika, akapewa amitriptyline. Hakuna aliyeuliza kuhusu kopo. Na yeye hakusema, kwa sababu kwa mzee wa kwetu kumwambia daktari kwamba unatumia dawa za daktari mwingine ni kama kumkosea adabu.

Mimi si daktari, nasoma sheria. Haya ninayoandika nimeyasoma, na nimemsumbua mtu anayejua mpaka akachoka. Usimpunguzie bibi yako dawa kwa sababu ya tahariri hii, mpeleke.

Diazepam kwenye mwili wa mzee haifanyi kama kwenye mwili wako. Utafiti uliochapishwa mwaka 1975 ulipima hilo: kijana wa miaka 20 mwili wake unapunguza nusu ya dawa kwa takriban saa 20, na mtu wa miaka 80 inamchukua karibu saa 90. Karibu siku nne. Sasa mtu akimeza kila usiku, ya jana haijatoka, ya juzi haijatoka, leo anaongeza. Ongeza na omeprazole, ambayo nayo inachelewesha mwili kuitoa diazepam. Matokeo yake ni mzee anayepepesuka, anayesahau, anayeanguka akienda chooni, na familia inasema uzee. Halafu huwezi kuikata ghafla. Mwili ulioizoea ukinyimwa siku moja unaweza kuleta hofu mara mbili ya ile ya kwanza, mitetemo, hata degedege.

Amitriptyline ni dawa ya zamani, rahisi, inasaidia maumivu ya mishipa ya fahamu. Lakini kwa mzee inakausha mdomo, inafunga choo na mkojo, inachanganya akili, na anaposimama presha inashuka. Zaidi ya hapo inagusa umeme wa moyo wenyewe. Watu wanadhani ukishakuwa na betri basi moyo umewekewa bima ya kila kitu. Si hivyo. Betri ya kawaida kama ya bibi inazuia moyo usiende polepole mno. Dawa ikiufanya moyo ukimbie ovyo, betri hiyo haina la kufanya. Na kuna mtego mwingine: mgonjwa mwenye betri akipimwa umeme wa moyo, karatasi inatoka na mistari mipana kwa sababu betri ndiyo inayopiga, kwa hiyo kipimo kinachotumika kujua kama dawa ni hatari kwa moyo kinasomeka kirefu kuliko hali halisi. Asiyejua anaweza kumnyima mgonjwa dawa nzuri bila sababu. Au akaipuuza karatasi nzima kwamba "ni betri tu", na hatari ikapita.

Tulichofanya ni bahati. Shangazi anamfahamu muuguzi, muuguzi anamfahamu daktari, daktari akakubali kukaa na kopo. Alilimwaga mezani, akapanga dawa moja moja. Kabla ya kusema neno "wasiwasi" akataka betri isomwe kwanza, maana moyo kwenda mbio, kizunguzungu na pumzi kukata vinaweza kuwa hofu, na vinaweza kuwa kifaa kina hitilafu au kimepangwa vibaya kwa mgonjwa huyo. Ukimpa mtu dawa ya hofu wakati waya umelegea, umemtuliza ili afe kwa amani. Betri ikakutwa nzima, na ina miaka mingi mbele. Yule mtu wa mashine alimgeuzia bibi kioo akamwonyesha mapigo yake yanavyopita. Bibi aliangalia muda mrefu. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa dozi ya kwanza iliyofanya kazi.

Halafu damu ikapimwa, na chumvi ya mwilini pia, kwa sababu dawa mpya aliyokusudia inaweza kuishusha chumvi hiyo kwa wazee, na ikishuka mtu anachanganyikiwa upya na mnaanza kulaumu vitu vingine. Amitriptyline ikapunguzwa mpaka ikatoka. Diazepam ikateremshwa ngazi kwa ngazi kwa karibu miezi mitatu: robo tatu ya kidonge, nusu, robo, basi. Robo ya kidonge naikata mimi kwa wembe, nikiwa chuoni anakata mdogo wangu. Na wiki chache baada ya kuanza kuteremsha akaanzishiwa sertraline, miligramu 25, nusu ya kiwango cha kawaida cha kuanzia, kisha 50 baada ya wiki kadhaa. Kwa nini hiyo na si nyingine? Kwa sababu ni mojawapo ya zilizojaribiwa kwa wagonjwa wa moyo. Utafiti wa mwaka 2002 uliitumia kwa wagonjwa 369 wenye sonona waliokuwa wametoka kwenye shambulio la moyo au maumivu makali ya moyo, na haikuonekana kuuharibu. Ndugu yake citalopram, mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea kikomo cha miligramu 20 kwa wenye zaidi ya miaka 60, kwa sababu ya umeme wa moyo. Aspirini nayo ikaulizwa: je, bado anaihitaji? Ikabaki, lakini kwa sababu aspirini na sertraline pamoja huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni, omeprazole ikabaki kumlinda.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu. Dawa hizi huanza kwa kuongeza wasiwasi kidogo kabla ya kuupunguza, na kama hujaambiwa unaacha siku ya nne. Bibi alitaka kuacha siku ya tano. Mama alilala naye chumba kimoja.

Sasa nije kwenye kazi yangu.

Ibara ya 11 ya Katiba yetu inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kuhakikisha haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee na maradhi. Nzuri. Halafu unarudi nyuma, Ibara ya 7(2), unakuta kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Yaani umeandikiwa ahadi na palepale umeandikiwa kwamba huwezi kuidai. Njia iliyobaki ni Ibara ya 14, haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yako. Hiyo inatekelezeka. Ila mwaka 2020 Bunge lilirekebisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, ikamtaka anayefungua shauri aape kwa hati ya kiapo namna alivyoathirika yeye binafsi. Kwa marekebisho hayo, mjukuu mwenye shahada ya sheria hakuweza kumsemea bibi mwenye miaka 76. Bibi mwenyewe, mwenye plasta mkononi na diazepam kichwani, ndiye alitakiwa aende Mahakama Kuu. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010 Ibara ya 43 inataja haki ya afya waziwazi, na Ibara ya 22 inaruhusu mtu kumshitakia mwingine asiyeweza. Sisemi Kenya hospitali zao ni pepo, tunajua migomo yao. Nasema tu mlango wa mahakama uko wazi.

Wazee tunaambiwa wanayo Sera ya mwaka 2003, na dirisha lao hospitalini. Dirisha la wazee nimelikuta, na mahali pengine linafanya kazi kweli. Lakini sera si sheria. Huwezi kumshitaki mtu kwa sera. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo nimeisoma; imeshughulika sana na kumpokea mgonjwa, kumlaza, na mali zake. Bibi hakuhitaji kulazwa. Alihitaji mtu wa kumwandikia robo ya kidonge karibu na nyumbani.

Halafu kulikuwa na CHF iliyoboreshwa. Ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, familia yetu ilikuwa inalipa, na sina ubaya nayo, mama aliitumia kwa malaria. Lakini mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Betri inasomwa juu ya hapo. Daktari bingwa wa akili, mara nyingi, juu ya hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na chama chetu kina haki ya kuuliza maswali mawili mafupi kuhusu kitita chake: kupima betri ya moyo kila mwaka kumo? Dawa ya wasiwasi ya kila mwezi, iliyo salama kwa mzee, kumo, na inapatikana ngazi gani? Orodha ya taifa ya dawa muhimu inapanga dawa kwa ngazi za vituo. Dawa inayomwangusha bibi ilikuwa mita mia mbili kutoka nyumbani. Inayomsimamisha tunaifuata mjini, kwa kupita Ihumwa, jirani na huo Mji wa Serikali wa Mtumba wenye wizara zote.

Najua kuna kamanda atasema haya si mambo ya uchaguzi. Hivi wewe umewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji ukahesabu ni nani waliokaa mbele? Kukata utepe wa mashine ya moyo kuna picha nzuri, na wenzetu wanaipenda picha. Miezi sita baada ya utepe, nani anamfuata mgonjwa Hombolo? Hakuna kamera. Hapo ndipo diwani wetu, akipatikana, awe anauliza kwenye baraza: duka gani linauza diazepam bila cheti, na afisa wa kata anaandikia wapi majina ya wazee wenye vifaa mwilini.

Kuna moja tunaweza bila kusubiri dola. Wikiendi ukienda nyumbani, omba kopo. Piga picha kila dawa, andika jina, kiwango na nani kaandika, umpe karatasi hiyo bibi aiweke pamoja na kadi ya kifaa chake kama anacho. Ukikuta isiyo na jina, usiitupe na usimwachishe, ipeleke kwa daktari na yeye mwenyewe akiwepo. Na kama ana betri, simu isikae kifuani upande ule. Bibi alikuwa anaweka kitochi chake kwenye sidiria, kama bibi zenu wote. Inatakiwa iwe mbali kwa sentimita 15 hivi. Sasa anaifunga kwenye pindo la khanga kiunoni, na analalamika kwamba haisikii ikiita.

Ngurumo bado anaziogopa. Lakini analala, na wiki iliyopita alitembea mwenyewe mpaka kwenye zabibu za mjomba kumwambia hajazipogoa vizuri. Sertraline zimebaki vidonge kumi na moja. Tarehe yake ya kurudi ni Alhamisi, siku ambayo mimi nina mtihani wa sheria ya ushahidi, kwa hiyo anaenda na mdogo wangu. Bodaboda imeshaambiwa saa kumi na moja alfajiri, iendeshe taratibu.